Usimwambie Binti Yangu Amenenepa

Mimi ni mnene na sijawahi kuona aibu. Hapa Ifakara mtu akikutana nawe baada ya muda mrefu akakuambia "umenenepa," amekupa heshima. Maana yake nyumbani kwako kunapikwa, mkeo ana amani, hakuna jambo linalokutafuna. Neno hilo nimeambiwa miaka mingi na kila mara nimelipokea tumbo likiwa mbele. Nilitoka kijiji cha Mbingu nikiwa kijana mwembamba, nimeishia darasa la nne, nikabeba magunia ya watu pale Kibaoni mpaka bega likaota sugu kama kisigino. Leo nina mashine tatu za kukoboa mpunga, nyumba ya vigae Lipangalala, na kitambi nilichokitafuta mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Wafanyakazi wangu wananiita Mzee Koboa. Sikatai.

Nayasema haya ili ujue anayeandika ni nani. Siyo mtu wa kulialia. Kila kilichosimama mbele yangu nilikisukuma kikasogea, isipokuwa hiki kimoja. Binti yangu aliacha kula, na nguvu zangu zote hazikuweza kuinua kijiko kikafika mdomoni kwake.

Naandika kwa sababu wazazi wananifuata mashineni. Wanajifanya wamekuja kuuliza habari za mpunga, halafu wanashusha sauti: "Mzee Koboa, yule wa kwako alianzaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Mambo ya kidaktari siyajui na sitajifanya nayajua. Nitasema niliyoyaona. Kama unatafuta habari ya mtu aliyepona akacheza ngoma, hii siyo.

Anaitwa Editha, mtoto wetu wa pili na wa mwisho. Mimi namwita mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu na amebeba na umbo lake, mfupi, mviringo, miguu imara. Nikisimama naye kichwa chake kinaishia kwapani kwangu. Alikuwa anasoma chuo cha ualimu, na akija likizo alikaa mashineni kwenye mizani. Mizani yangu ni ile ya chuma ya kusimama chini, yenye mkono na jiwe la kusogeza. Najivunia mizani hiyo kuliko mashine zenyewe. Wakulima wanapita mashine za wengine barabara nzima kuja kwangu, kwa kuwa wanajua mizani ya Mzee Koboa haidanganyi. Editha alisogeza lile jiwe kwa kidole kimoja huku anataniana na wabebaji, na hakuna aliyewahi kubishana na alichosoma.

Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri. Mtoto wa dada yangu Devota alikuwa anaolewa, na Editha akachaguliwa kuwa mpambe wa bibi harusi. Akaenda kupimwa gauni kwa fundi wa Kibaoni pamoja na wasichana wenzake. Yule fundi ni mtu wa maneno. Alipomzungushia futi kiunoni akasema, "Wenzako tunawanunulia kitambaa kwa urefu. Wewe mdogo wangu, chako tunanunua kwa upana."

Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Editha naye akacheka. Alinisimulia mwenyewe jioni ile nami nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Mama yake anasema ugonjwa ulianzia hapo. Editha akiulizwa anasema hapana, lile neno lilikuwa ndani yake siku nyingi, fundi alilitamka tu.

Wiki hiyohiyo akaanza kusogeza sahani ya wali pembeni. Tango, yai, maji ya limau. Nikamuuliza.

"Unakula nini siku hizi, mama?"

"Mia tano kwa siku, baba."

"Mia tano? Hata andazi la maana hupati."

Akacheka. "Kalori, baba. Chakula kina hesabu yake. Warefu wakitaka kupungua wanakula elfu moja na mia mbili. Sisi wafupi hatuna pa kukiweka, tunakata nusu na kuzidi."

"Nani kasema?"

"Kuna dada ana kundi kwenye simu. Yeye ndiye anatufundisha."

Huyo dada simjui na sitaki kumjua. Nilimwangalia binti yangu nikaona msimamo. Mama yake aliponiambia mtoto hali, nikamjibu, huyu ni damu yangu, akiamua ameamua. Wenzake wakaanza naye wakaishia njiani, siku ya tatu walikuwa kwenye chipsi. Editha hakuyumba. Nilijivuna naye mbele ya watu kama ninavyojivunia mizani.

Siku ya harusi gauni ilibidi lipunguzwe tena asubuhi ileile, kwa pini. Kila aliyemwona alisema amependeza. Niliingia naye ukumbini nikitembea kama mtu aliyemchonga mwenyewe. Nilidhani kesho yake atakula pilau lililobaki kama wengine wote.

Hakula.

Kiangazi kikaingia. Wanaoijua Ifakara kiangazi wanajua joto lake, vumbi la pumba linaganda shingoni. Editha alikuwa anavaa sweta. Alikaa juani kwenye gunia kama mjusi na bado vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nywele zilianza kubaki kwenye kitana, halafu kwenye mto, na mikononi zikamwota nyingine laini kama za mtoto mchanga. Mambo ya kike yalikatika. Hayo mama yake aliniambia akiwa amegeukia ukutani, maana si mambo ya kumwambia baba.

Jioni moja nilirudi mashineni kuchukua funguo. Nikamkuta amesimama juu ya mizani bila viatu, mkono mmoja ameshika ukuta asianguke, mwingine anasogeza jiwe kurudi nyuma, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Alishtuka.

"Naangalia kama iko sawa, baba."

"Iko sawa," nikamwambia. "Mizani yangu haijawahi kukosea."

Akashuka akavaa viatu. Nilifunga mlango tukarudi nyumbani nikimsimulia jinsi nilivyoinunua.

Watu wa mtaani waliona kabla yetu, lakini waliona vya kwao. Msichana akikonda hapa wanajua jina moja tu la ugonjwa. Baada ya misa mama mmoja alimshika mke wangu mkono.

"Mama Editha, ameshaanza dawa?"

"Dawa ya nini?"

"Jamani, siku hizi si aibu tena. Wangapi wanameza na wananawiri."

Mke wangu alirudi nyumbani akaketi kwenye kiti na kanga yake ya kanisani mpaka mchana ukapita. Tukaanza kuzunguka. Ugonjwa huo wanaousema, hana. Kifua kikuu, hana. Sukari, hana. Mahali pamoja wakatupa dawa za minyoo. Kila mara tulipoambiwa hana nilitoka nimenyanyua kichwa, nikitaka nikutane na yule mama wa kanisani. Baadaye yale majibu mazuri yakaanza kunitia hofu. Mtoto anaisha na hakuna anachoumwa.

Nikikumbuka kipindi kile nakumbuka mabenchi. Yale ya mbao, marefu, yamelainishwa na watu. Editha hakuweza kuyakalia. Mifupa ilikuwa imebaki mitupu, ubao unamchoma. Alikuwa anakaa upande huu, anahamia upande ule, anasimama, anazunguka, anakaa. Siku moja mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa mgongoni alimtazama, akafungua kitenge chake cha akiba, akakikunja mara nne akakiingiza chini yake bila kuuliza kitu. Walipoitwa kuingia alikiacha. "Nitakukuta hapahapa," alisema. Hatukumkuta. Kile kitenge Editha bado anacho. Ukiwa kwenye hali ile kitu kama hicho unakishika kama umeshika mkono wa mtu.

Nyumbani kukawa hakukaliki. Nilimwamuru ale, nikambembeleza, nikamtishia. Mimi ni mtu ambaye wanunuzi wa kutoka mijini nimebishana nao jua zima mpaka wakalegea wenyewe. Mbele ya sahani ya binti yangu sikuweza kitu. Alikuwa anageuza wali kwa kijiko, anausambaza, anautengenezea vilima na mabonde, na ukiangalia haujapungua punje. Mama yake alihamishia godoro chumbani kwa Editha. Kaka yake, aliyepanga Kibaoni, akapunguza kuja. Aliniambia waziwazi, "Baba, pale mezani ni kama kuna mtu anazikwa kila siku."

Mke wangu naye akanitolea uvivu. "Wewe kila kitu unataka ukishinde. Huyu si gunia, Baba Editha. Ukimbeba hivyo atapasuka."

Mvua za kwanza ziliponyesha dada yangu Devota alikuja kutoka Mbingu na begi la nguo. Hakusalimia vizuri, alienda moja kwa moja chumbani, akamtazama mtoto, akatoka anafuta macho.

"Mlimlea kwa simu," alisema. "Sasa mimi nitamlea kwa mkono. Nipeni mwali wangu."

Kwa asiyejua: kwetu Wapogoro, zamani msichana akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani. Ndiye mwali. Hashiki jembe, hapigwi jua, kazi yake ni kukaa na kulishwa. Siku ya kutolewa nje watu wanakuja kutazama amenenepa kiasi gani, maana unene wake ndiyo sifa ya waliomlea. Devota alitunzwa hivyo na bibi zetu, na hajawahi kuona dawa nyingine ya msichana aliyekonda. Mimi pia sikuwa na nyingine.

Akashusha mapazia. Akapika wali wa karanga, samaki kitoga wa mchuzi mzito, uji wenye siagi. Masanja, mteja wangu Msukuma mwenye ng'ombe kule bondeni, akawa analeta maziwa mgando. Editha hakuwa na nguvu ya kumkatalia shangazi yake. Devota alimshika kidevu akamlisha kama kinda, huku anamwimbia nyimbo za zamani, na Editha alimeza machozi yakimtoka. Kila sahani iliyorudi tupu jikoni tuliiangalia kama kombe la mpira. Nilienda mashineni nikatangaza kwa sauti, jamani, Editha anakula.

Siku chache tu zikapita. Miguu ikamvimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Moyo ukawa unamwenda mbio akiwa amelala. Akaanza kuniita jina la marehemu babu yake. Nikampakia kwenye gari, mvua inapiga kioo, Devota nyuma amempakata, nikaendesha kwenda hospitali nikipita madimbwi bila kuyaona.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya polepole. "Amekaa muda gani bila kula vizuri?"

"Tangu mavuno," nikasema.

"Na mlianza lini kumlisha sana?"

Devota akajibu yeye. Alieleza kila chakula kwa jina, kwa fahari, akitegemea sifa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Bibi, mwili uliokaa na njaa muda mrefu haujazwi kama gunia. Unarudishiwa chakula kidogokidogo, na inabidi tuwe tunaupima kila siku. Ukiujaza ghafla moyo unaweza kusimama."

Dada yangu alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya wodi, mvua inamrushia matope kwenye sketi. Nilimfuata. "Nimemlea mwali," aliniambia, "na mwali amekaribia kufia mkononi kwangu." Alirudi Mbingu kesho yake. Mpaka leo akituma mchele wa kwake anauacha kwa mke wangu mlangoni, ndani haingii.

Kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani na hukushika jingine lolote katika niliyoandika, shika hili. Usimjaze. Mpeleke hospitali kwanza.

Masika yote tulikuwa wodini. Mvua ilipiga bati, mto ulijaa, watu walikuja na habari za mashamba kuzama, nami sikuuliza hata la kwangu. Kulikuwa na afisa lishe, binti mdogo tu, na mfupi. Editha alipomwona alikaa vizuri kitandani kwa mara ya kwanza.

"Na wewe mfupi," alimwambia.

"Mfupi kama wewe. Viatu ndivyo vinanidanganyia." Akavua kimoja akamwonyesha kisigino. "Haya, niambie, nani alikupa mia tano?"

Editha akaeleza habari za kundi, warefu na wafupi, nusu na kuzidi.

"Alikudanganya na ukweli ndani yake," yule binti akasema. "Kweli mfupi anahitaji pungufu kidogo ya mrefu. Ndiyo maana mfupi akipunguza mwili anapungua polepole, na polepole hiyohiyo ndiyo salama yake. Lakini hiyo elfu moja na mia mbili uliyosikia ndiyo sakafu. Chini ya hapo hashuki mtu mzima bila daktari kumsimamia. Wewe ulichukua sakafu ukaichimba."

"Kwa hiyo sasa nile ngapi?"

"Wewe hupunguzi tena, wewe unaumwa. Hesabu zako tunazishika sisi. Kazi yako ni kula kilicholetwa."

Mimi nilikuwa pembeni nikadakia. Niliwaambia nilianza na mashine ya dizeli, ndogo kuliko zote hapa mjini. Ile mashine ukiiwasha bila kuitia mpunga, inazunguka tu, bado inakunywa dizeli. Ndogo inakunywa kidogo, lakini inakunywa. Na ukiinyima haikuonyi, inaanza kujila yenyewe chuma kwa chuma. Afisa lishe alicheka akasema atalitumia hilo kwa wagonjwa wengine. Mfano ni wa kwangu, mwambieni mlisikia kwangu. Editha hakucheka. Alikuwa anatazama ukuta, na midomo yake inahesabu.

Hapo ndipo nilipojua maneno hayafiki. Alielewa kila kitu. Ana akili kuliko mimi, angeweza kufundisha darasa zima. Kuelewa kulikuwa upande mmoja, na kumeza kulikuwa upande mwingine, na katikati hapakuwa na daraja.

Pale wodini walimpima akiwa ameipa mizani mgongo. Nesi anaangalia, anaandika, hasemi. Editha alikuwa anamsihi, "Sista, niambie tu." Nesi anamfunga kanga, anamjibu, "Umevaa kanga nzuri leo." Niliuliza kwa nini wanamficha mgonjwa uzito wake mwenyewe. Yule nesi akaniambia, "Mzee, kwake ukipanda analia na ukishuka anafurahi. Sasa umwambie kipi?"

Mpunga ulipoanza kukatwa tuliruhusiwa. Alikuwa anakula vilivyopangwa, kidogo, mara nyingi, mama yake akiwa amekaa naye. Mashavu yalirudi kidogo. Siku moja nilimsikia anaimba bafuni nikasimama ukumbini na kiatu mkononi. Alipoomba kurudi mashineni kukaa na mimi nilikubali haraka. Mizani niliifunika turubai na nikaweka mtu mwingine.

Asubuhi moja Masanja aliingia na magunia yake. Masanja anapenda watu, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Alitusalimia wote kwa Kisukuma kama kawaida yake, mwangaluka, mwangaluka, halafu akamwona Editha. Akaangusha fimbo chini kwa furaha.

"Shikamoo," Editha akamwamkia.

"Marahaba, marahaba mama. Ee, Mzee Koboa, maziwa yangu hayakupotea. Mtoto amenenepa. Tazama mashavu. Umenenepa mama, sasa umekuwa mtu."

Wabebaji wakaitikia. Amenenepa kweli. Eti jamani, ni kweli, amenenepa. Kila mmoja aliona ni zamu yake kutoa baraka. Na mimi, msomaji, nilikuwa nimesimama pale natabasamu, nimeshika tumbo langu, maana kwa masikio yangu hakukuwa na neno tamu kuliko hilo mwaka mzima.

Editha akasema "asante." Akainuka, akakung'uta pumba kwenye sketi, akaenda nyumbani kwa miguu. Mchana hakula. Jioni hakula. Wiki zilizofuata alikula mbele yetu na kutapika nyuma ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Kiangazi kilipofika tulikuwa wodini tena, kitanda kingine, dirisha lilelile.

Masanja alipoelezwa alikuja nyumbani akakaa kwenye baraza amevua kofia.

"Mimi nimemwombea heri."

"Najua."

"Sasa nikimwona nimsalimie vipi? Niseme umekonda?"

"Hapana. Usiseme kitu cha mwili kabisa. Sema habari za asubuhi."

"Nipite mbele ya mtoto niliyemletea maziwa nisimwambie chochote?" Akatikisa kichwa. "Hiyo kwetu ni kama kumchukia mtu."

Na kwetu pia. Hapo ndipo nilipokwama na mji mzima. Nilipita mashineni nikawakataza wafanyakazi. Nilienda kanisani nikaongea na akina mama wa jumuiya. Nilimwambia fundi, yeye alikuwa wa kwanza kuelewa, alivua futi shingoni akalikunja. Lakini Ifakara yote utaifunga mdomo? Muuza mboga anapita, "Dada umenawiri." Bodaboda anapunguza mwendo, "Mama, mambo si mabaya, umejaa." Wote wana mioyo mizuri. Wanamrushia maua, nami namwona anavyoyapokea kama mawe.

Sasa ni mwaka wa tatu. Ule wakati wa kufa, madaktari wanasema, umepita. Chuo kilimwondoa, wenzake wanafundisha. Mambo ya kike hayajarudi, na mifupa yake daktari aliniambia imeshakuwa kama ya bibi kizee. Hakuna aliyenihakikishia atapona. Nimewauliza wote, kwa heshima na bila heshima, nikawaambia nitauza mashine zote. Wananitazama kwa huruma. Sijazoea kutazamwa hivyo.

Kila wiki anapimwa, na kliniki walikubali tumpime mashineni ili asihangaike njiani. Amekataa mizani nyingine, anaamini hii ya kwangu tu. Tunafunga mlango wa mashine, naondoa turubai, anapanda akiwa ameipa mgongo, nami nasogeza jiwe. Nimekatazwa kumwambia. Mimi, mwenye mizani inayosema ukweli bonde zima, kazi yangu ni kusoma na kunyamaza.

Wiki za nyuma jiwe lilisogea mbele. Si sana, lakini lilisogea, na wiki iliyofuata likasogea tena. Sikusema kitu. Nilimshika mkono ashuke. Akanigeukia akaniangalia usoni, kwa muda, kama alivyokuwa anasoma ule mkono wa chuma zamani.

"Baba, umefurahi," alisema.

"Hapana, mama."

"Umefurahi. Kwa hiyo nimenenepa."

Siku ile alirudisha sahani. Nimeutafuta uso wa kumwonyesha na sijaupata. Nikifurahi namuumiza. Nikihuzunika ninamdanganya, na yeye anajua uongo wangu tangu mdogo. Basi siku hizi nampima nikiwa nimemgeuzia kisogo baada ya kusoma, na mama yake ndiye anayemshusha.

Kwa mzazi unayesoma haya, sina dawa ya kukupa. Mkeo akisema mtoto hali, msikilize siku hiyohiyo. Usingoje harusi iishe. Mtoto akikuambia namba ya chakula chake, mwulize nani kampa, kisha mpeleke kwa anayejua. Na ukikutana na binti mfupi wa Mzee Koboa njiani, anatembea taratibu ameshika kitenge kilichokunjwa mara nne, mwambie habari za asubuhi, mwambie mvua imechelewa, mwambie chochote. Mwili wake uache.

Naandika haya barazani, Lipangalala, asubuhi. Yeye yuko nyuma yangu kwenye meza, na bakuli la uji. Hawezi kula akitazamwa, kwa hiyo nimekaa nimempa mgongo, kama yeye anavyoipa mizani. Nasikia kijiko kinagonga bakuli. Kimegonga tena. Mbele yangu jirani anafagia, amenyanyua mkono kunisalimu, anasema kwa sauti, "Mzee Koboa, unazidi kunenepa tu." Nimemwitikia kwa mkono.

Kijiko kimesimama. Nami sigeuki.